Mvua Iliyonyesha kwa Ubavu

Koplo alikuwa na mwandiko mzuri sana, na hicho ndicho kilichomuudhi Inspekta zaidi. Kwenye orodha ya vielelezo alikuwa ameandika, herufi zimelala sambamba bila kukosea: "Namba kumi na moja. Daftari moja, hadithi za kitoto. Halina umuhimu."

Inspekta alisoma mstari huo mara mbili, akafunga jalada, akamgeukia Koplo aliyesimama mlangoni mwa karakana akijipepea kwa kofia.

"Hili daftari ulilisoma?"

"Nililifungua, Afande. Mambo ya safari za angani huko, sijui vimondo. Nikaona mzee alikuwa anajifurahisha tu."

"Sikukuuliza kama ulilifungua."

"Kurasa mbili, Afande."

"Kurasa mbili. Na binti wa watu ana siku tatu mahabusu."

Koplo akaacha kujipepea. Kituoni walimwita Inspekta huyu Ndimu, kwa siri, ingawa alijua, na hakuna aliyewahi kusema jina hilo halimfai. Asubuhi hiyo ya Jumapili alikuwa na hasira tangu alipoamka. Mzee aliyefia humu karakanani alikuwa anazikwa leo saa kumi jioni. Mtoto wake pekee alikuwa nyuma ya mlango wa chuma, akituhumiwa kumuua. Kesi ikifutwa kesho au mwakani, hakuna hakimu atakayemrudishia mtu mazishi ya baba yake. Saa ya Ndimu ilisema saa tatu na nusu.

Alikaa juu ya kigoda na kuanza upya, kama vile hakuna aliyewahi kuingia humo kabla yake.

Karakana yenyewe ilikuwa stoo iliyogeuzwa, nyuma ya nyumba ambayo marehemu aliishi na mdogo wake. Haikuwa na dirisha. Rafu zilipanda pande tatu mpaka darini, meza iliziba nusu ya nafasi, na kigoda kilikuwa kimoja tu, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuweka cha pili. Juu ya meza palikuwa na feni ndogo ya kutolea hewa chafu. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje.

Kwenye rafu kulikuwa na makopo, na kila kopo lilikuwa na lebo: vifuniko vya chupa, vikubwa na vidogo, mirija ya kalamu, vitufe vya rimoti, gia za saa, matumbo ya redio, viberiti vya gesi vilivyokwisha. Mtaa mzima ulimwita marehemu Mzee Vifuniko, maana alikuwa akikuona unakunywa soda anasimama kungoja kifuniko. Watu walicheka. Kumbe kutokana na takataka hizo alikuwa akiunda vyombo vya angani kwa ajili ya filamu, vyombo vya urefu wa mkono mmoja ambavyo kwenye kioo vilionekana vinaweza kubeba mji mzima. Alivikata, akavigundisha, akavipaka rangi, kisha akafanya kazi iliyomchukua muda kuliko zote: kuvizeesha. Chombo kipya kinachong'aa kinaonekana kidude cha kuchezea. Chombo chenye kutu, masizi na mikwaruzo kinaaminika.

"Nisomee tena maelezo," Ndimu alisema.

Koplo akafungua jalada. Alhamisi saa sita mchana, mdogo wa marehemu alisikia binti akimfokea baba yake: "Hili lichombo lako litakuua! Likikuua usiniite!" Kisha binti akaondoka kwenda kazini. Saa saba kasoro, huyo mdogo wa marehemu naye akaelekea kazini, na alipopita alimkuta kaka yake mlangoni mwa karakana anakunywa maji, wakasalimiana. Saa tisa akaja Meneja, mtu aliyekuwa akizipeleka kazi za mzee kwa watu wa filamu. Meneja alisema alimkuta mzee mzima wa afya, ameinama juu ya chombo, anakimalizia michirizi ya mvua. Akapiga picha kwa simu, saa tisa na dakika nane, akaenda zake kikaoni. Saa kumi mdogo wa marehemu, aliyekuwa amesharudi, alimwona binti akigonga mlango wa karakana na kuondoka. Saa kumi na moja Meneja alirudi na dereva wa kampuni ya filamu kuchukua chombo, wakakuta komeo limefungwa kwa nje na mzee yuko sakafuni, amekufa. Galoni ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imemwagika. Feni ilikuwa imezibwa kwa nje kwa kitambaa. Mzee alikuwa na pumu.

"Na daktari?"

"Kati ya saa saba na saa kumi na moja. Akasema tusimbane, chumba kilikuwa na joto mno, hawezi kukata zaidi ya hapo."

"Kwa hiyo anayetuambia mzee alikuwa hai saa tisa ni nani?"

"Meneja, Afande. Na picha."

"Picha ina mzee?"

Koplo akaitazama ile picha iliyobandikwa kwenye jalada, kana kwamba mzee angeweza kuwa amejificha nyuma ya chombo. "Hapana. Ina chombo tu. Lakini kimekwisha, na asubuhi kilikuwa hakijakwisha, binti mwenyewe alisema. Na kitambaa, Afande, kile kitambaa ni cha gauni la binti."

Ndimu akainama. Alivuta kasha lililokuwa chini ya meza, akaliinua na kulimwaga miguuni mwa Koplo. Matambara yakatawanyika: mikono ya shati, nusu ya pazia, soksi, kola, na vipande sita vya gauni lile lile la maua ya zambarau.

"Matambara yote ya humu ni nguo za familia. Mzee alifutia brashi zake. Mtu yeyote aliyeingiza mkono hapa chini angeweza kutoka na gauni la binti, au na soksi ya baba yake mdogo. Ungeokota soksi ungemkamata nani?"

"Afande..."

"Nyamaza. Lete kile kiboksi garini."

Kiboksi kilipofika, Ndimu alivaa glavu, akakitoa chombo na kukiweka kwenye kitanda chake cha mbao, kimelala kwa tumbo, vile vile kilivyokutwa. Halafu akafungua daftari la hadithi za kitoto, akasoma kila ukurasa bila haraka, huku Koplo akiokota matambara.

Ilikuwa historia ya chombo. Mzee aliandika historia kwanza, akapaka baadaye, ili kila doa liwe na sababu yake. "Safari ya kwanza. Rubani mgeni, kakwangua ubavu wa kushoto akiegesha. Chuma kionekane. Kutu chini, chumvi, rangi juu, kisha sugua." Ndimu akatazama ubavu wa kushoto. Mkwaruzo ulikuwepo. "Safari ya nne. Kimondo. Kiraka kimepigwa na fundi mwenye homa, ndiyo maana misumari haijanyooka." Kiraka kilikuwepo, na misumari yake, midogo kuliko punje za mtama, ilikuwa imekaa upande kweli. Ndimu alijikuta akimhurumia fundi asiyekuwepo.

Kisha akafika safari ya saba. "Sayari ya mvua. Kimesimama miezi minne. Kinatua kwa mkia, wima, kwa hiyo maji yashuke kutoka puani kwenda mkiani. Michirizi myembamba, kila mmoja uanzie kwenye msumari au kiungo. Nisisahau: kimelala mezani tu, angani hakilali."

Aliurudia mstari wa mwisho. Kisha akachukua tochi na kioo cha kukuzia, akainama.

Michirizi myembamba ilikuwepo, mingi, kutoka puani kwenda mkiani, kila mmoja ukianzia kwenye msumari. Ilikuwa imekauka kabisa. Lakini juu yake palikuwa na michirizi mingine, minene, ya rangi ile ile ya kahawia, ikishuka kutoka mgongoni kwenda tumboni na kuikata ile ya kwanza. Haikuanzia popote. Ilianza tu. Ndimu alibonyeza mmoja kwa ncha ya kijiti, rangi ikabonyea. Chini ya tumbo, kwenye rangi hiyo hiyo laini, mtu asiyevaa glavu alikuwa ameacha alama ya kidole gumba.

"Hebu tazama hapa. Kuna mtu kachora mvua inayonyesha kwa ubavu."

Koplo akainama, akatazama kwa muda. "Labda siku hiyo kulikuwa na upepo, Afande."

Ndimu alifumba macho kidogo ili asiseme alichotaka kusema. "Piga picha hilo dole gumba. Usiliguse. Ukiligusa nitakukabidhi kwa mke wako ukiwa vipande."

---

Binti wa marehemu alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na hakuinuka Ndimu alipoingia mahabusu. Alikaa ukutani, sare yake ya kazi ikiwa na vumbi la siku tatu.

"Mmeniletea nini tena? Karatasi nyingine ya kusaini?"

"Swali moja."

"Nimejibu maswali mia moja. Nimesema nilikuwa kazini saa saba mpaka saa tisa na nusu, daftari la zahanati lipo, wagonjwa wapo. Huyo Koplo wenu akaniambia muda huo hauna maana. Nimesema saa kumi niligonga, nikaona komeo limefungwa kwa nje, nikadhani baba katoka. Akaniambia ndivyo wauaji wanavyosema. Sasa mimi nimeua wangapi hata nijue wauaji wanasemaje?"

Ndimu akampa ile picha ya simu, iliyokuzwa. Binti aliipokea kwa shingo upande. Akaitazama. Kisha akainuka.

"Nani kaharibu kazi ya baba?"

"Imeharibika wapi?"

"Afande, huoni? Hii mvua inakwenda wapi? Chombo hiki kinasimama! Kina mapezi manne mkiani, kinasimama chenyewe mezani, baba alinionyesha Jumatano, alifurahi akawa anapiga makofi peke yake. Michirizi aliimaliza Jumatano hiyo hiyo. Alhamisi kilikuwa kimebaki masizi tu kwenye bomba za mkiani." Akaigonga picha kwa kidole. "Hakuna doa la bure kwenye kazi ya baba. Mimi nimekua nikiambiwa hivyo. Nikichafua gauni ananiuliza historia yake."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Kifua chake! Nilikuwa namwambia aache. Akaniambia hiki cha kumi na tisa ndicho cha mwisho, lakini kitatoka kwa jina lake. Angemwambia Meneja siku hiyo hiyo, na Meneja akikataa atakwenda mwenyewe kwa wale wa filamu. Nikamwambia jina litakufaa nini ukiwa huna pumzi. Ndipo nikasema hayo aliyoyasikia Baba mdogo." Akairudisha picha. "Wanazika saa kumi, sivyo?"

"Saa kumi."

"Nilituma ujumbe wanisubiri. Baba mdogo kasema haifai kumweka maiti kwa ajili ya mtu ambaye hajulikani atatoka lini." Alikaa tena chini. "Kama hujaja kunitoa, Afande, toka wewe."

Ndimu akatoka. Kwenye korido alipiga simu mbili. Wote wawili aliowapigia walikubali haraka, kwa maana aliwaambia neno moja tu: chombo.

---

Meneja alifika saa saba na nusu, suti nyeusi, viatu vinang'aa, kwenye mfuko wa koti karatasi ya hotuba atakayoisoma makaburini. Alikuwa mtu wa sauti ya upole. Chombo kilikuwa juu ya meza ya Ndimu, kimelala kwenye kitanda chake, kimefunikwa taulo. Koplo alikaa pembeni na kalamu.

"Nashukuru, Afande. Wale wa filamu wananisumbua, wanakitaka."

"Wataondoka nacho shughuli ikiisha. Kabla ya hapo, soma maelezo yako, kama yako sawa uyasaini tena."

Akasoma. Akaguna kwa huzuni mahali panapofaa.

"Saa tisa ulimkuta mzee anachora michirizi kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Nikasimama nyuma yake namtazama. Mkono ulikuwa hautetemeki, Afande, katika umri ule."

"Wewe ulikigusa chombo?"

"Nisingethubutu. Mzee hakupenda mtu aguse."

"Saini hapo. Na hapo chini."

Alisaini. Ndimu akamwashiria Koplo, Koplo akafungua mlango, na mtayarishaji wa filamu akaingia, mama mnene mwenye simu mbili mkononi na haraka usoni. Meneja akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulipoteza upole.

"Sikujua kama na Madam ataitwa."

"Chombo ni chake," Ndimu alisema. "Nimeona akikague asije akalalamika polisi tumekiharibu. Karibu, mama."

Akaondoa taulo. Mtayarishaji akaweka simu zake mezani, akakishika chombo kwa mikono miwili, akakiinua na kukisimamisha kwa mkia, bila kufikiri, kama mtu anayesimamisha chupa. Kikasimama juu ya mapezi manne. Meneja alikitazama. Ilikuwa wazi kwamba hajawahi kukiona hivyo.

"Hii nini?" mtayarishaji akauliza.

Akamgeukia Meneja.

"Nakuuliza wewe, fundi. Hii nini? Mchoro niliokupa nimeandika kwa wino mwekundu kabisa: kinatua kwa mkia. Filamu nzima kinatua kwa mkia! Sasa maji haya yanatembea kwa pembeni? Juzi ulinionyesha kwenye simu, kidogo hivi, nikasema kizuri, kumbe ni huu upuuzi! Vyombo kumi na vinane hujanikosea hata msumari, leo ndiyo unaniletea hiki? Jumatano tunapiga picha. Sikipokei. Natafuta fundi mwingine."

Kwa miaka kumi na minane Meneja alikuwa akimwambia mama huyu kwamba fundi ni yeye, na kwa siku tatu alikuwa akiwaambia polisi kwamba fundi ni mzee, na hayo mawili yalikuwa hayajawahi kukutana chumba kimoja.

"Madam, usifike huko," Meneja akasema haraka. "Hili ni jambo dogo. Hii ya juu niliiweka kwa haraka, haijakauka hata. Naifuta kwa thina jioni hii, kesho unakipata safi."

Kalamu ya Koplo ikakwaruza karatasi.

"Uliiweka lini?" Ndimu akauliza.

"Nini?"

"Hiyo ya juu."

"Nilikuwa na maana... tuliiweka."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mzee."

"Mzee yupi?" mtayarishaji akauliza. "Yule mlinzi wako wa stoo aliyefariki?"

Ndimu alikuwa amesikia mengi katika ofisi ile, lakini hilo lilimfanya asimame. "Mlinzi wa stoo? Huyo mlinzi wa stoo, mama, ndiye aliyekuundia vyombo vyote kumi na tisa. Mchoro wako wa wino mwekundu huyu bwana hakuwahi hata kuufungua. Alimpelekea mzee bahasha, akapokea kazi ikiwa imelazwa kwenye boksi, akakuletea." Akamgeukia Meneja. "Picha yako ya saa tisa na dakika nane ina michirizi hii. Kwa hiyo ulichora kabla ya hapo, ili tuamini mzee alikuwa hai saa tisa. Ulikaa wapi?"

"Kwenye kigoda, lakini..."

"Na mzee?"

"Alikuwa pembeni."

"Pembeni kuna rafu. Nimepima chumba kile leo asubuhi. Mtu akikaa kwenye kigoda na mlango ukafungwa, sehemu inayobaki haitoshi mtu mwingine kukaa wala kusimama. Inatosha mtu kulala tu, mwili chini ya meza. Nakuuliza tena. Ulipokuwa unachora mvua, mzee alikuwa wapi?"

Meneja akamtazama mtayarishaji, na mtayarishaji alikuwa anamtazama yeye kwa macho ambayo hayakuwa na kazi tena kwa ajili yake. Hapo ndipo alipokata tamaa, kwa ajili ya kazi iliyompotea, si kwa ajili ya maiti.

"Nani alimtoa jalalani?" akapiga kelele. "Mimi! Angekuwa bado anaokota vifuniko! Mimi nilikuwa naongea, mimi nilikuwa navaa suti, yeye anakohoa tu pale! Halafu anakuja kuniambia anataka jina lake! Jina! Aniaibishe mbele ya watu baada ya miaka kumi na minane!"

"Alikuambia saa ngapi?"

"Saa nane..." Akafunga mdomo. Akalegeza tai. "Namtaka wakili."

"Utampata. Koplo, hilo la saa nane umeliandika?"

"Nimeliandika, Afande."

"Kwa mwandiko mzuri?"

"Mzuri, Afande."

"Chukua alama za dole gumba lake, ulinganishe na lile la kwenye rangi. Halafu mvue hiyo tai, umwingize ndani."

---

Mkuu wa kituo alikuwa nyumbani kwake, na kwenye simu zilisikika sauti za televisheni.

"Kazi nzuri, Inspekta. Kesho asubuhi nikija tutakamilisha taratibu, huyo dada tumtoe."

"Anazika baba yake leo saa kumi, Mkuu."

"Leo Jumapili. Usiku mmoja tu, ameshakaa siku tatu."

"Alikaa siku tatu kwa sababu mtu alisoma kurasa mbili, na wewe ukapitisha hizo kurasa mbili bila kusoma hata moja."

"Inspekta, angalia unavyoongea."

"Nimeangalia. Hajafikishwa mahakamani, kumtoa ni saini tu, na afisa wa zamu leo ni mimi. Naandika jina langu kwenye kitabu sasa hivi. Kesho ukija utanifokea, nitakuwepo."

Alikata simu, akasaini kwa nguvu mpaka wino ukatokea ukurasa wa pili. Mlango wa chuma ulipofunguliwa, binti hakuuliza nani kakamatwa wala kwa nini. Aliuliza saa.

"Tisa na dakika thelathini na tano."

"Basi tunakaa hapa kufanya nini?"

Koplo aliendesha. Alipiga honi njia nzima, na hakuna aliyemwambia aache. Hata hivyo walifika saa kumi na dakika kumi na tano, na kutoka langoni waliona watu wamezunguka, wamewapa migongo, na udongo unarushwa. Jeneza lilikuwa limeshashuka. Lilikuwa limeshafunikwa.

Binti alishuka kabla gari halijasimama. Watu walipomwona na sare yake chafu wakasogea wenyewe, mmoja mmoja, mpaka akabaki ametazamana na baba yake mdogo, aliyekuwa ameshika sepetu, kanzu yake nyeupe imechafuka udongo mpaka magotini.

"Mwanangu," yule baba mdogo akasema. "Tulijua hutatoka leo."

"Nani aliwaambia?"

"Polisi. Na mimi niliwaambia kile nilichosikia tu, mwanangu. Sikusema umemuua. Niliapa kusema kweli."

"Ulisikia nikimfokea. Na miaka yote niliyomsugua kifua usiku, ukuta ule ule, hukusikia?"

Binti akanyoosha mkono, na baba mdogo akampa sepetu. Akaanza kufukia. Alikuwa hajala vizuri siku tatu, udongo mwingine ukimwagikia viatu vyake mwenyewe, lakini hakupunguza mwendo. Ndimu alisimama nyuma kabisa, Koplo pembeni yake ameshavua kofia bila kuambiwa.

Baada ya muda baba mdogo akasogea, akataka kumshika bega. "Pumzika basi. Tukusaidie."

"Umeshasaidia, Baba mdogo," binti akasema.

Mkono ukarudi. Hakuna mwingine aliyethubutu kusogea, akalifukia kaburi peke yake mpaka likajaa.